Ngozi ya Kulalia

Asubuhi ile ng'ombe wa bonde moja nje ya Butiama walisimama njiani hadi umande ukakauka. Ilikuwa zamu ya Boke kuchunga, na Boke hakuwapo. Hakuwa na ng'ombe tena, lakini hakuna aliyekumbuka kumtoa kwenye zamu. Mlango wake ulikuwa umeegeshwa, jivu limezolewa.

Alikuwa mjane. Malisho yalikuwa ya wote, na kila mwenye ng'ombe, hata mmoja, alichunga wa jirani zake kwa zamu. Waliocheka kumwona mwanamke nyuma ya kundi walinyamaza jioni, ng'ombe waliporudi wameshiba. Wasichokijua ni kwamba ng'ombe wake mwekundu hakuwa wake. Aliwekwa kwake na Hamduni, mfanyabiashara wa Musoma mjini. Maziwa yalikuwa ya Boke, ndama wa Hamduni. Ndama wawili walikwisha kwenda kwa Hamduni. Wa tatu angekuwa wa Boke.

Aliyewekewa ng'ombe alifungwa na masharti. Asimtaje mwenye mali, maana mwenye ng'ombe wengi huandamwa na ndugu na watu wa kodi. Na ng'ombe akifa, ampelekee mwenyewe ngozi, ajue hakuuzwa.

Kiangazi cha 1949 kilikuwa kikali. Wazee walifunga malisho ya chini yawe akiba. Alama ilikuwa fundo la nyasi juu ya kijiti njiani, likiondolewa, ruhusa. Siku ya zamu yake Boke alikuta kijiti kitupu. Akashukuru, akaingiza kundi. Kumbe mbuzi alikuwa amekula amri ya wazee.

Mbuzi hatozwi faini. Boke alitozwa ng'ombe, achinjwe, aliwe na bonde zima.

"Kama una neno, sema," alisema Makongoro, mkubwa wa wazee.

Angeweza kusema: si wangu. Ng'ombe wa mtu mwingine hachinjwi kwa kosa lako.

"Sina, baba."

Nyama ikagawanywa. Watu walipoanza kuondoka, Boke alikuwa bado amesimama mbele ya ngozi.

"Hii naiomba."

Wakageuka. Anayeulizia ngozi kwa kawaida ni mtunza ng'ombe wa mwenzake.

"Ya nini?" aliuliza jirani yake Alfonce. "Au kuna mtu unampelekeaga?"

"Ya kulalia. Au utanipa blanketi lako?"

"Mpe, Alfonce! Mfunike kabisa!" mmoja akapaza sauti, na watu wakacheka hadi wakashika mbavu.

Makongoro hakucheka. Aliikunja ngozi mwenyewe, akamtwisha.

"Kalalie, mama. Ila ianike vizuri. Isije ikanuka safarini."

Safarini? Mtu hulala akasafiri? Hakuna aliyemuuliza mzee alikuwa na maana gani, naye hakueleza. Labda ulimi uliteleza. Labda naye alikuwa na ng'ombe mahali fulani, kwa mtu asiyetajwa.

Ngozi ilipokauka, Boke aliibeba hadi Musoma. Hamduni aliikunjua uani, akapapasa alama ya chuma pajani, akasikiliza habari yote.

"Hukuwaambia ni wangu?"

"Sikuwaambia."

"Ungesema, angekuwa hai leo. Na ndama wako ungempata."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa kwa nini, mama?"

Boke alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji huteremka.

"Si wewe ulinikataza?"

Hamduni akamwita mkewe Mwanahalima alete uji. Ng'ombe mwingine hakumpa. Labda kiangazi kilikuwa kimewamaliza ng'ombe wake, au hakutaka tena kuweka mali katika bonde lenye mbuzi wa namna ile. Alichompa ni kipande cha shamba huko Bweri, karibu na mjini, alime, wagawane mavuno. Boke alirudi Butiama kufunga mzigo, akaondoka alfajiri bila kuaga.

Alikaa Bweri hadi mwisho wa maisha yake. Alilima mihogo. Hakufuga kitu.