Mke wangu aliongezewa damu na jirani yetu Muislamu, kanisani wakamtangaza "msamaria asiyejulikana"

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa imani zote na wale mnaopita tu kusoma.

Mimi si mwandishi, nauza mapazia Kariakoo. Ninachowaambia hapa si chai, kimetokea nyumbani kwangu na mpaka leo nikikikumbuka nashikwa na hasira. Wale wa "fupisha mkuu" mtanivumilia.

Duka langu limepakana na la Bi Zuhura. Ni mama wa Kiarabu, mtu mzima kunizidi, anauza madera, mitandio na udi. Miaka yote mimi ananiita Mangi, kama watu wanavyotuita Wachaga wenye maduka. Asubuhi namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, halafu ananiambia feni yangu inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Huo ndio ujirani wetu.

Sasa mwaka huu, Ramadhani ikielekea ukingoni, mke wangu Mama Glory alikuwa na mimba kubwa. Nilimwambia apumzike nyumbani, akasema nyumbani anachoka zaidi. Kwa hiyo alikuwa anakaa dukani, kiti kimoja, miguu juu ya robota la kitambaa.

Siku hiyo nikaenda Ilala kwa fundi anayenichongea fimbo za mapazia. Simu ikaniishia chaji nikiwa huko.

Narudi, nakuta duka langu limefungwa. Kufuli si langu! Nageuka kwa Bi Zuhura, nako kumefungwa.

Wakuu, anayeijua Kariakoo wiki ya kuelekea Idi anielewe hapo. Hakuna muuza madera anayefunga duka mchana wiki hiyo. Ndiyo wiki yao ya kuvuna. Nikajua kuna jambo zito.

Machinga aliyepanga viatu pale mbele ndiye aliyenieleza. Mke wangu alianza kutoka damu ghafla. Bi Zuhura akawatoa wateja wake dukani, akafunga kwake, akafunga na kwangu kwa kufuli jipya. Akamwingiza mke wangu kwenye bajaji. Barabara ilikuwa imejaa watu na bidhaa, bajaji haipiti. Basi yule mama akashuka akatangulia mbele kwa miguu, anawasogeza watu kwa mdomo wake mpaka njia ikapatikana.

Nilifika hospitali roho iko mkononi. Nikaambiwa mke ameshaingizwa chumba cha upasuaji, mtoto ametoka salama, ila mama amepoteza damu nyingi na tayari ameongezewa.

Nikauliza, damu ya nani?

Nesi akaninyooshea kidole kwenye benchi. Bi Zuhura kakaa pale, baibui limejaa vumbi, pamba imebandikwa mkononi.

Kumbe damu ya kundi la mke wangu ilikuwa imepungua, wakataka mtu wa kutoa haraka. Bi Zuhura akajitolea. Nesi akamuuliza, "Mama, umefunga?" Akasema ndiyo. Nesi akamwambia hawamtoi damu mtu ambaye hajala wala kunywa.

Yule mama akanunua maji na mkate hapo nje. Akanywa na kula mchana kweupe, baibui mwilini, watu wakimkodolea macho. Nesi ndiye aliyenihadithia. Anasema kuna mtu alithubutu kuguna, Bi Zuhura akamjibu, "Siku yangu nitailipa baada ya Idi. Huyu binti akiondoka nitamlipa na nini?"

Nililia pale wakuu. Sioni aibu kusema.

Nikamwambia, "Bi Zuhura, sijui nikushukuruje." Akanijibu, "Mangi, kamwangalie mwanao kwanza, na kalale. Mimi kesho niko dukani."

Mama Glory akapona. Mtoto wa kiume, ana sauti kama muuza mitumba. Baada ya miezi michache tukasema sasa tukatoe shukrani kanisani.

Kwa wasiojua: kwetu familia ikiwa na shukrani, inatangazwa ibadani, halafu inatembea kwenda mbele madhabahuni na sadaka zake. Ndugu na marafiki wanainuka kuisindikiza, kwaya inaimba. Kusindikizwa ndiyo heshima yenyewe. Anayekusindikiza ni yule aliyebeba mzigo pamoja na wewe.

Nikamwalika Bi Zuhura. Akaniuliza, "Nije na baibui langu hivi hivi?" Nikamwambia hivi hivi, na wakisema wasindikizaji wasimame, na wewe simama. Akafurahi. Akasema ataleta kanga ya mama na shali ya mtoto.

Kabla ya ibada nikamfuata mzee wa kanisa anayesoma matangazo. Nikamsimulia yote, nikamwomba amtaje kwa jina.

Akakunja uso. "Baba Glory, madhabahuni tunamtaja Mungu. Tukianza kutaja watu, tena wa dini nyingine, tutawachanganya waumini."

Nikamwambia Mungu hawezi kukasirika tukimtaja mtu ambaye Yeye mwenyewe amemtumia. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya, tutaona." Mimi mjinga nikadhani amekubali.

Ikafika zamu yetu. Mzee akashika maiki: "Familia hii inamshukuru Mungu kwa uzazi salama. Mama alipungukiwa damu, lakini Mungu akamtuma msamaria mwema asiyejulikana..."

Asiyejulikana!

Mtu amekaa benchi la mwisho pale pale ndani, na shali ya mtoto mapajani. Na huyo Msamaria wanayempenda sana kumtaja, hivi wamesahau kwamba na yeye hakuwa wa kundi lao?

Nikameza. Nikasema moyoni, acha tutembee, atatusindikiza, watu watamwona wenyewe.

Wasindikizaji wakaombwa kusimama. Bi Zuhura akasimama kama nilivyomwelekeza. Mama mmoja wa mapokezi, na beji yake kifuani, akamfuata na kumshika bega. Nilikuja kuambiwa baadaye alichomwambia: "Mama, hii ni ya waumini. Wewe kaa, chakula utapata baadaye."

Chakula! Kana kwamba alifuata pilau.

Bi Zuhura akakaa.

Mimi nilikuwa mbele nimebeba mchele, sikuona. Aliyeona ni Mama Glory. Tuko katikati ya kanisa, kwaya imepamba moto, mke wangu akasimama. Shangazi aliyekuwa nyuma yake na kapu la ndizi akamgonga mgongoni. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia, "Bi Zuhura wamemkalisha."

Akageuka. Na mtoto mkononi akaanza kurudi nyuma, anapasua katikati ya wasindikizaji wetu wenyewe. Ndizi zinamwagika, mjomba na jogoo wake hajui aende wapi. Kwaya wakapoteza ubeti.

Akafika benchi la mwisho, akamuuliza yule wa mapokezi, "Huyu ndiye asiyejulikana?"

Mama wa beji akasogea pembeni.

Bi Zuhura akamshika mkono, anamnong'oneza, "Mwanangu, waache. Usiiharibu siku ya mtoto."

Mama Glory akamjibu kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Mama, ninayesimama hapa ni damu yako. Inuka twende."

Wakaja wote wawili. Mtoto kabebwa na Bi Zuhura.

Tulipofika mbele nikamwomba mzee maiki, akasita, nikaichukua. Nikasema, "Anaitwa Bi Zuhura. Ni jirani yangu wa dukani. Alifungua saumu yake mchana ili mke wangu asife. Asante Mungu. Asante Bi Zuhura."

Mzee akampa ishara mpiga kinanda anizime kwa muziki. Namshukuru mchungaji, alimwinulia mpiga kinanda mkono, akaacha. Akamwekea mtoto mikono, akatuombea sote pale tulipokuwa. Baadhi ya watu wakapiga makofi, wengine wakaangalia viatu vyao.

Jioni ile ile kwenye kundi la jumuiya la WhatsApp yakaanza. "Utukufu apewe nani?" "Madhabahu imefanywa jukwaa." Kuna mmoja ambaye mke wangu alipokuwa amelazwa alituma emoji ya mikono tu, sasa ndiye anayeniandikia somo refu la unyenyekevu. Nimejitoa kwenye hilo kundi. Kanisani siondoki, ni kwangu pale.

Nilimuuliza Bi Zuhura kama yale ya kanisani yaliniumiza mimi peke yangu. Akasema, "Kutotajwa hakukunisumbua, Mangi. Lile la kuambiwa nitapata chakula ndilo lililoniuma." Halafu akaniambia feni yangu bado inapiga kelele.

Nilichojifunza nakisema wazi. Sisi Wakristo tumeigeuza "namshukuru Mungu" kuwa njia ya kukwepa kusema asante kwa mtu. Tunasaidiwa, tunainua mikono juu, na aliyetusaidia anabaki kasimama pembeni.

Nyumbani sasa tuna utaratibu. Jioni kabla ya kuomba, kila mmoja anamtaja mtu anayemshukuru Mungu kwa ajili yake siku hiyo. Sharti ni kwamba uwe umeshamwambia asante mwenyewe. Juzi Glory, mtoto wetu mkubwa, alikumbuka hajamwambia asante mlinzi wa shule yake, akasema hilo atalisema kesho ndipo aombe. Tukamsubiri mpaka kesho yake.

Mnaoona nilikosea kushika maiki, njooni tubishane, nipo. Lakini kabla hujaandika chochote, acha hapa jina la mtu aliyewahi kukushika mkono ukaishia kumshukuru Mungu tu. Jina lenyewe unalomwitia, tusiandike "msamaria".

Naanza mimi. Bi Zuhura, muuza madera, mlango unaofuata wangu.

Anajulikana.