Mche Uliotoka Nyumbani kwa Mama

Kwetu mche wa maua hauna jina lake wenyewe. Ukiukata kwa jirani ukaupanda kwako, huitwa kwa nyumba uliyotoka: huu wa kina fulani, ule wa bibi wa nyuma ya msikiti, ule mwingine wa mjane wa Chovai. Ukichanua vizuri, sifa zinamrudia aliyeutoa. Ukichanua vibaya, aibu nayo inamrudia yeye yeye. Nimekaa na wapenda maua wengi maishani mwangu, wenye vitabu na wasio na vitabu, na sijaona desturi nzuri kama hii wala yenye hatari kama hii. Ilikaribia kuninyang'anya mama mmoja.

Nasema mama mmoja kwa sababu nilikuwa nao wawili. Aliyenizaa aliugua sana baada ya kujifungua, na jirani yetu, mlango ukitazamana na mlango, alikuwa na binti mchanga kifuani. Akanichukua, akaninyonyesha pamoja na bintiye. Kwa hiyo yule binti ni dada yangu kwa sheria ya dini, na yule jirani ni mama yangu, nami nilimwita Mama Mdogo ingawa kwa umri alimzidi mama kwa miaka kama mitano. Mwenyewe alilipenda jina hilo. Wote wawili walizaliwa kisiwani Chovai, wakaja Kismayu wakiwa maharusi, mama mke wa baharia, mwenziwe mke wa fundi wa kuunda mashua. Tangu nipate akili sikumbuki siku ambayo sahani haikuvuka ile njia, ikienda au ikirudi.

Ua lenyewe alilileta baba, Mungu amrehemu. Aliling'oa katika majabali ya Ras Kamboni: fungu la majani marefu manene, magumu kama mikanda ya ngozi, na mizizi minene iliyoshika vipande vya jiwe isitake kuviachia. Mama akalipanda katika chungu kilichopasuka, kwa matumbawe na makumbi ya nazi, hakutia udongo hata chembe, maana lilikotoka hapakuwa na udongo. Sisi tuliyaita maua ya jiweni. Lilipochanua kwa mara ya kwanza, mtaa mzima ulikuja kuangalia. Maua yalijipanga kwenye bua kama watu walioketi kwenye benchi, meupe yanayoelekea ukijani, kila moja limeelekeza mdomo juu, na nyuma yake mkia mwembamba mrefu. Mchana halinuki kitu. Jua likishaanza kushuka harufu inajaa uwanja, inapita ukutani, na wapita njia wanauliza nani anaoza binti.

Mama Mdogo aliliomba siku hiyo hiyo. Alitaka liwe tayari kwa harusi ya dada yangu, alitie katika vikuba, yale maua na majani ya kunukia yanayofungwa pamoja na kuvaliwa kifuani. Dada alikuwa bado hajaposwa, lakini Mama Mdogo hakuwa mtu wa kusubiri posa ndipo apande. Mama akamkatia kipande kutoka ukingoni mwa chungu, kikubwa, chenye mizizi yake. Akamwambia asikimwagilie kupita kiasi. Akamwambia pia asiwe na haraka, na hilo lilikuwa kazi bure.

Wakati huo Wataliani walikuwa wamerudi kututawala, safari hii kwa ahadi ya kuondoka baada ya miaka kumi, nami nilikuwa kijana wa kazi katika duka la dawa la mmoja wao. Nilipima unga, nilifunga vidonge katika karatasi, nilitafsiri maradhi ya watu. Nyuma ya duka yule bwana alikuwa na kibanda cha makuti, na humo ndimo nilimosikia kwa mara ya kwanza neno okidi. Jumapili alasiri walikuja wenziwe wa ugonjwa huo huo: Mwarabu muuza nguo, na mke wa karani wa bandari, ambaye alikuwa Mtaliani pia. Kila mmoja alileta alichookota au alicholetewa kutoka vichakani na visiwani, wakakiweka mezani, wakabishana. Mwenye duka alikuwa na kitabu chenye picha na kioo cha kukuzia. Alihesabu, alipima, aliandika jina la Kilatini katika kikaratasi na kukifunga kwa uzi shingoni mwa mche. Muuza nguo hakuwa na kitabu, ila alikuwa na macho yaliyokaa miaka thelathini yakitofautisha wekundu mmoja na mwingine, na mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Nilitafsiri baina yao, na polepole nikaanza kuwa na maoni yangu. Nikawa na maringo nayo. Kijana akijua maneno matatu ya Kilatini, utamwambia nini?

Dada aliposwa mwaka wa tatu, na kwa bahati ambayo Mama Mdogo aliiona kuwa ni baraka, mche wake ukatoa bua wiki chache kabla ya harusi. Lilikuwa bua fupi, nene. Akasema ni kwa sababu ya uchanga. Siku mbili kabla ya vikuba kufungwa, maua yakafunguka, kama kufunguka ndiko huko: vidubwana vya manjano vyenye mistari myekundu, vimejibana pamoja, vinanuka kidogo tu, na pua ikiwa ndani yake. Wanawake wote walikuwa uwanjani. Mmoja akauliza haya ni maua au ni kunde. Wakacheka. Mwingine akauliza ni mche gani huu, na kwa desturi jibu lilikuwa moja tu: wa nyumba ya mama yangu. Mama alikuwa ameketi pale pale, anasuka asmini.

Mama Mdogo hakupiga kelele. Alimtazama mama, akasema kwa sauti ya kawaida, kwa lahaja ya kwao Chovai, "Zuri umejiwekea. Mimi sikukudhania wewe kuwa mchu wa hivyo."

Mama akaapa. Nani atamsikia? Chungu chake kilikuwa kimejaa meupe mwaka uliopita, na kila mtu aliyaona. Alimaliza kusuka asmini, akainuka, akavuka njia, akafunga mlango. Sahani zikakoma.

Miezi ikapita hivyo. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na ruhusa katika nyumba zote mbili, na ruhusa hiyo ilikuwa mateso. Huku naulizwa kwa mbali kama yule mwenzake goti lake limepoa. Kule naulizwa, kama kwamba ni habari za mtu wa Mogadishu, kama mama yako anakula vizuri. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Niliwakasirikia wote wawili, watu wazima, kwa ajili ya majani ya jiweni.

Ndipo nikajitia ujuzi. Nikakata jani moja kwa mama na jani moja kwa Mama Mdogo, nikayapeleka dukani. Mtaliani akayaweka sambamba, akapima upana, akatazama ncha zilivyogawanyika, akafungua kitabu, akafunga kitabu. Akasema ni mche mmoja, hapana shaka. Nilifurahi sana. Nilirudi mbio kumwambia mama kuwa hakutoa kitu tofauti na alichonacho, na kitabu kimeshuhudia.

 Mama akasema kwamba, basi, kama mche ni mmoja, ubaya umeingia kule ulikopandwa, kwa mikono ya mwenyewe. Nikamwambie hivyo.

Nami nikaenda nikamwambia. Hadi leo nikikumbuka masikio yananiwaka. Nilisimama mbele ya mwanamke aliyenipa ziwa lake, nikamweleza kwa sauti ya dukani kwamba ua limeharibikia mikononi mwake. Alikuwa ameshika kitambaa anafuta sufuria. Alifuta hadi ikang'aa, akaiweka, akaniambia niende zangu. Baada ya siku hizo nikasikia kutoka kwa watu, si kutoka kwake, kwamba mumewe amepata kazi ya kuunda mashua Chovai, na kwamba baada ya Idi watahama moja kwa moja. Nyumba wameshaipatia mpangaji.

Hapo nikaogopa kweli. Mlango ukifungwa uko mbele yako, unaweza kufunguliwa. Lakini Mama Mdogo akishavuka maji na neno lile kifuani, mama hangemfuata, namjua, na yeye hangerudi. Wangezeeka hivyo, na mimi ndiye niliyelibeba lile neno kwa miguu yangu.

Kabla ya Idi, kama kila mwaka, nilipaka chokaa ukuta wa uwanja. Ili kuufikia ukuta ilinibidi nikisogeze kile chungu, ambacho kilikuwa hakijasogezwa tangu baba alipokiweka. Kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia. Nilipokigeuza nikaona upande wa nyuma, ule uliokuwa umebanwa na ukuta usipate jua, majani yamesongamana, na katikati yao bua fupi, nene, lenye vichwa vya manjano vilivyokuwa bado havijafunguka.

Nilikaa chini kwenye chokaa mbichi. Nikamwita mama. Alikuja na mwiko mkononi, akatazama, akainama, akatazama tena.  Akakigeuza kile chungu kabisa kwa mikono yake, upande ule wa ukuta ukaelekea jua.

Siku tatu baadaye vikafunguka, na nikamleta Mtaliani na kioo chake. Mama alisimama nyuma ya mlango wa jikoni. Bwana yule alipiga magoti, akachanganua mizizi kwa vidole, akafuata bua la manjano hadi chini, kisha majani yaliyowahi kutoa meupe, nayo hadi chini. Yalikuwa mafungu mawili. Tangu majabalini yalikuwa yameota pamoja, mizizi imepitana kama ukili wa mkeka, na baba aling'oa yote kwa mkupuo mmoja akidhani anang'oa kitu kimoja. Hili la meupe lina mkia nyuma ya ua, lile la manjano halina. Akatoa vikaratasi viwili, akaandika Angraecum katika kimoja na Acampe katika cha pili, akavifunga. Kisha akavua kofia yake na kusema, nami nikamtafsiria mama, kwamba kosa ni lake: tangu ujana wake anajua kuwa mche wa namna hii hautajwi jina kwa jani, husubiriwa uchanue, na alisahau kwa kutaka kuonekana hodari mbele yangu. Nilimkasirikia nusu siku. Lakini yeye alikosea juu ya jani, na kosa langu mimi lilikuwa juu ya mtu.

Alipoondoka mama alitoka jikoni akaketi mbele ya chungu. Akaniambia nivuke nikamweleze Mama Mdogo yote, nimchukulie na vile vikaratasi.

Nikakataa. Sikuwahi kumkatalia mama kitu. Nikamwambia nimeshabeba maneno ya kutosha katika njia ile.

Alinitazama nikadhani atanipiga. Kisha akaomba kisu cha samaki. Alifanya kazi hiyo tangu adhuhuri hadi alasiri, akipasua chungu kwanza, halafu akitenganisha mzizi mmoja mmoja, na palipokuwa hapatenganiki alikata wa manjano akauacha mweupe mzima. Lile fungu jeupe lote, lililoletwa na baba, akalifunga katika gunia lililoloweshwa. Hakujibakishia hata jani. Akajitanda, akalibeba mwenyewe kifuani, akavuka njia mchana kweupe, watu wakimwona. Nilimfuata hatua chache nyuma.

Mama Mdogo alikuwa kati ya masanduku na mikeka iliyofungwa kamba. Mama akaliweka gunia chini. Akasema yalikuwa maua mawili na yeye hakujua, na kwamba alipomtupia mwenziwe lawama ya mikono alijua kuwa anasema uongo, maana mikono ile ililea mwanawe.

Mama Mdogo hakulitazama lile gunia.

"Miezi kumi mlango wangu u wazi," alisema. "Ulimtuma mwana. Hukuya wewe."

"Nimekuya," mama alisema.

Nilidhani wataanza kueleza, nani alisema nini na lini, na nilikuwa tayari kutoa ushahidi na Kilatini changu chote. Hakuna aliyenihitaji. Mama Mdogo alisogeza mkeka mmoja kwa mguu, ikapatikana nafasi, mama akaketi. Baada ya muda nikasikia wanabishana iwapo mche husafirishwa mashuani ukiwa umelowa au mkavu.

Walihama Alhamisi iliyofuata Idi. Mama alikwenda nao Chovai, amelipakata gunia njia nzima, akisema anawasaidia kwa siku saba tu kupanga vyombo. Alikaa miezi miwili, na mimi nikajipikia.