Kichwa cha Kiazi Pori

Kiwandani Zegereni ninakofanya kazi, mtani wangu Mnyamwezi hachoki kunichokoza: "Nyie Wazaramo wa msituni mnajua ngoma tu." Mwache aseme. Kwao nani anaweza kuusoma mzizi kwa vidole kama bibi yangu?

Bibi anaishi Kisarawe, ukingoni mwa msitu. Kiangazi kilichopita macho yalikuwa yanamwishia, akawa anatafuta wa kumwachia mashina yake ya viazi pori. Kwetu mashina hayo hayaonyeshwi ovyo. Yeye mwenyewe alionyeshwa na mama yake, peke yake kati ya mabinti wanne. Nilitaka anichague mimi. Nilitaka mpaka nikawa naota.

Nilipokwenda kwake likizo, siku ya kwanza alinielekeza kwenye shina la karibu, akanipa mti wake wa kuchimbia, akabaki nyumbani. Nilichimba jasho likinitiririka, nikang'oa kiazi kirefu kama mkono wangu, kizima kabisa. Nikarudi natamba! Bibi akakipapasa. Vidole vilipofika juu, vikasimama.

"Mjukuu wangu, kichwa hiki kinafanya nini huku?"

Kichwa, kile kipande cha juu kinachoota shina, hukatwa palepale, kikarudishwa shimoni na kufukiwa, ndipo shina lichipue tena. Jamani, kila mtoto wa kwetu anajua! Mimi chipsi za mjini zimenisahaulisha.

"Mimi sikipiki," akasema, akachukua mti wake akaingia ndani.

Nilikikata kile kichwa nikarudi msituni mbio huku najitukana. Nikakifukia, nikakimwagia maji yangu ya kunywa, nikaondoka na aibu yangu. Tangu hapo Bibi hakuyataja tena mashina yake, nami sikuthubutu kuuliza.

Masika yalipokolea, siku moja nilipomtembelea akatoka na ule mti wa kuchimbia mkononi, akanishika bega. "Nipeleke kwenye lile shimo lako."

Nikamwongoza polepole njia nzima. Tukafika. Mmea ulikuwa umejizungusha kwenye mti wa karibu, umenipita kimo! Nikapiga kigelegele katikati ya msitu, wala sikujali. Bibi akaushika, akashuka nao kwa vidole taratibu mpaka udongoni.

"Umeshika," akasema. Akajifuta mikono kwenye kanga, akanikabidhi mti wa kuchimbia. "Haya, twende nikuonyeshe lile shina la mama yangu."