Kura Ambayo Hatukupiga

Niliondoka Bukoba na hasira, mtoto wangu Neema mgongoni. Mume wangu alikuwa amekwama masomoni, katika mji uliotekwa kwenye vita vile vikubwa. Tiketi aliyopata ilimshusha Kigali, ila kwanza avuke mpaka wa nchi ile kwa miguu. Na mataifa yalipoitwa kulaani uvamizi ule, nchi yetu haikupiga kura. Woga mtupu! Nilisema hivyo mpaka Rusumo, mpakani na Rwanda, jirani yangu kwenye basi akajifanya amelala.

Pale Rusumo mume wangu akanipigia: anatoka, kuna vizuizi vya pande zote mbili. Halafu simu yake ikazima.

Jioni, Nyamirambo, mtaa wa Kigali. Shangazi Mwamini, fundi cherehani, alinipokea mlangoni. Hata viatu sijavua nikalipuka: "Shangazi, nchi yetu haikupiga kura!"

"Haikupiga kula?" Kwake R na L ni mapacha. "Pole mwanangu. Iko isombe, kisamvu chenu kile, na wali. Kaa ukule."

Nikacheka huku nalia. Nikala.

Asubuhi, simu ya mume wangu bado kimya. Muuza nyama wa duka la kulia alikuja kuchukua kanzu. Alipotoka, akaingia muuza nyama wa duka la kushoto. Hawasalimiani hao, na wote ni wateja wa Shangazi.

"Wewe uko upande wa nani?" nikamchokoza Shangazi.

"Mimi niko upande wa cherehani. Mke wa huyu wa kulia aliposhikwa na uchungu, mkunga alikuwa dada ya yule wa kushoto. Alipitia wapi? Hapa kwangu, mlango wa nyuma. Ningechagua mmoja, angepita wapi?"

"Na mwenye makosa?"

"Makosa namwambia usoni. Mlango simufungii."

Kesho yake, siku ya tiketi yake, uwanja wa ndege, Kanombe. Mume wangu alitoka amekonda, bila begi. Neema hakumjua, akapiga kelele. Mimi nikamshika shati nisimwachie.

Ndani ya teksi akasimulia. "Kizuizi cha kwanza waliniuliza nchi yangu ilimpigia nani kura. Nikasema haikupiga. Wakaniacha nipite. Cha pili, cha adui zao, wakaniuliza vilevile, wakaniacha."

Nikamfuta Neema machozi.

Siku ya kurudi, Shangazi alitufungia isombe kwenye bakuli. Bado nina hasira: aliyevamia kavamia, na nitamwambia usoni. Lakini nimejifunza kwamba lazima abaki mtu ambaye mlango wake haujafungwa, na safari hii mtu huyo alikuwa nchi yangu niliyoitukana njia nzima.

Baada ya Rusumo nikafungua bakuli. Asante, Shangazi. Nchi yetu haikupiga kura, na mume wangu anakula.