Nywele za Nakhungu

Tarehe 16 Agosti 2017, Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki ulianza kutumika duniani. Nabwile, mjane wa karibu na Kanduyi, hakuusikia. Miaka kadhaa baadaye alikuwa angali anatega mgono, mtego wa samaki, kijitoni, chini ya bomba la majitaka la kiwanda cha klorini kilichotumia zebaki, akimpikia mkaza mwanawe Edinah supu ya kambare. Edinah alikuwa mjamzito, na mwenye mimba kwake alishiba.

Mjukuu, Nakhungu, alizaliwa akitetemeka. Alipotimiza miaka miwili alikuwa hajajifunza kuketi. Edinah alisema waziwazi kwamba mama mkwe alikuwa na mkono mbaya, na majirani wakaacha kuomba moto kwake.

Kisha tope la kijito likapimwa katika maabara ya Kitale, likakutwa na zebaki, sumu inayoingia katika samaki na kumdhuru mtoto tumboni. Samaki wakaachwa kuliwa siku hiyo hiyo. Katika baraza la chifu, Mathenge, msemaji wa kiwanda, hakutikisika. “Tope haliugui, mama. Leteni mtu mwenye zebaki mwilini.”

Miezi minane ilikuwa imepita tangu samaki waachwe, daktari Kipngeno wa Kitale alipotuma habari: angekuja Ijumaa kukata nywele za mtoto, kwa kuwa damu husafika, lakini nywele huhifadhi alama ya zebaki iliyoliwa zilipokuwa zikiota. Za Edinah na za Nabwile zilikuwa zimenyolewa matangani, walipomzika mume wa Edinah katika miezi hiyo. Za Nakhungu hazikuwa zimewahi kuguswa.

Nabwile alisikia jambo moja tu: mgeni atavuka Webuye na nywele za mtoto mfukoni. Alhamisi, Edinah akiwa sokoni, alimnyoa Nakhungu kwa wembe hadi ngozi, akazitupa nywele chooni ili asirogwe nazo, kama alivyofanya kwa watoto wake sita.

Ijumaa Kipngeno alisimama uani na mkasi na bahasha. Alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba nywele zitakazoota sasa hazitasema lolote kuhusu samaki wa zamani.

“Si ungeniuliza, Mama,” Edinah alisema.

“Nikuulize nini? Nywele za mtoto hazipewi mtu asiyejulikana kwao.”

“Umenimalizia mtoto mara mbili. Kwanza kwa sufuria, sasa kwa wembe.”

Baraza lilipokaa tena, Mathenge alicheka mbele ya watu. “Ati ushahidi uko chooni? Basi si mchote, bana.”

Edinah alimbeba mtoto, akarudi kwao Endebess bila kuaga. Nabwile aliukata mgono vipande vipande kwa panga. Bomba bado linatiririka.

Kiasi cha zebaki kilichomwingia Nakhungu hakijulikani.