Leso Mlangoni

Homa ilikuwa imenitafuna miezi miwili kule milimani. Nilipoteremka Voi kutafuta kazi ya reli, suruali yangu ilishikwa na kamba ya katani, na mashavu yalikuwa yameingia ndani. Wakati huo, katikati ya miaka ya hamsini, reli haikuajiri maneno. Ulipewa taruma la chuma, lile linalolazwa chini ya reli, ulitie begani, uende nalo hadi mwisho wa uwanja na kurudi. Ukiliangusha, unarudi kwenu.

Nilikuwa na wiki tatu za kujijenga kabla ya jaribio hilo. Nilifikia kwa mjomba, aliyekuwa mtia moto kwenye injini na aliyeishi katika nyumba za reli zilizopangwa mstari mmoja. Alirudi kutoka kazini saa yoyote na kulala saa yoyote. Akilala, mkewe alitundika leso mlangoni, na mstari mzima ulinyamaza. Hakuna aliyetwanga. Muuza maziwa alipita akinong'ona. Kumwamsha mtu wa reli lilikuwa kosa kubwa kuliko kumtukana.

Mimi nilicheka. Mwanamume mzima analindwa kama yai!

Jua la saa nane nilikimbia kwenye barabara ya Mraru, nikarudi kubeba jiwe hadi giza. Kitandani nilijipapasa mikono kuona kama imenenepa, nikawaza watakaonipita, na usingizi ukapaa. Jogoo wa kwanza akiwika, niko kwenye jiwe tena.

"Mpwa wangu," mjomba aliniambia, "mchana unabeba mawe, usiku unageuka geuka kama chapati. Huo mwili utashika nyama saa ngapi?"

"Mchumia juani hulia kivulini, mjomba."

"Sawa. Na hicho kivuli utakiendea lini?"

Nilikasirika, nikarudi kwenye jiwe. Wiki ya tatu jiwe nililoliinua wiki ya kwanza lilikataa kutoka chini. Niliogopa hata kula kukanishinda. Badala ya kupumzika, nikaongeza mbio. Mkesha wa jaribio sikufumba jicho.

Asubuhi uwanja ulijaa wanaume wenye mabega. Karani alikuwa akiita majina moja moja kutoka upande wa pili. Nikaenda kukaa kwenye kivuli cha tangi la maji, mkabala na nyumba zetu. Nilikaa tu, nipumzishe miguu.

Nilipofungua macho, kulikuwa na leso usoni mwangu. Nikaitupa. Jua lilikuwa limeshapinda, na uwanja ulikuwa mtupu.

Mke wa mjomba alinijia na kikombe cha uji, anatabasamu. "Umeamka, baba? Nilipita nikienda sokoni nikakukuta hapa, nikajua ushamaliza mambo yako. Nikakufunika, nzi wasikusumbue."

"Sikuitwa?"

Tabasamu likamtoka. Jirani aliyekuwa akianika nguo alijibu kwa niaba yake. Karani alikuwa ameita jina langu mara tatu, kisha akaja hadi karibu na tangi kuwauliza wa mstarini. "Tukamwambia hapo kuna mtu amelala, ana leso usoni, ametoka zamu. Akageuka polepole asikuamshe. Tulijua ni mmoja wa hawa wa injini."

Nilitaka kupiga kelele. Nimpigie nani? Mama wa watu alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Niliupokea uji, nikaunywa wote, nikamshukuru.

Kisha nikavuka uwanja. Taruma lilikuwa pale pale walipoliacha. Niliinama nikalishika, nikiogopa bado, kana kwamba kuna aliyekuwa akitazama. Likapanda begani bila ubishi. Nikaenda nalo hadi mwisho wa uwanja, nikarudi nalo, pumzi yangu imetulia, na hapakuwa na mtu wa kuandika.