Mtori Hauliwi, Unanywewa

Cha kwanza kunikwama kilikuwa kipande cha nyama, kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa jirani yetu anayeolewa, hapa Olasiti. Kilisimama katikati ya kifua, hakipandi hakishuki, nami nikawa nawachekea wageni huku jasho linanitoka. Nikajiambia nyama ilikuwa ngumu. Wiki iliyofuata ikawa chapati. Hapo niliishiwa uongo wa kujidanganya, maana uongo wote huo baba yangu alishautumia. Yeye alianza na nyama, akalaumu wachinjaji. Ukaja ugali, akalaumu unga. Alipoambiwa akapimwe kwa kumeza mpira wenye kamera, akasema yeye si chatu wa kumeza mipira. Siku aliyokubali, saratani ya koo ilikuwa imeshammaliza, na jeneza lake lilibebeka kirahisi mno.

Kwa hiyo mtu asije akaniambia eti nisiwe na wasiwasi.

Nilikwenda hospitali hapa hapa mjini. Daktari, kijana mpole, akasema nami nitamezeshwa kamera, na kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Nesi akanipa maelekezo: nitaje dawa zote ninazotumia, kama nina meno ya bandia nitayavua, na nije na mtu wa kunirudisha nyumbani kwa sababu dawa ya usingizi huacha kichwa kizito. "Na ukishakula cha jioni, dada, usile tena mpaka tumalize," akasema. Nilimsikia vizuri kabisa. Shida haikuwa masikio.

Mume wangu ni dereva wa watalii, na msimu ulikuwa umepamba moto, yuko porini. Basi mama akashuka kutoka Kibosho kuja kunisindikiza. Asubuhi ya Ijumaa, siku ya kipimo, baridi ya Julai imetanda na mlima Meru wote umezama kwenye ukungu, nikamkuta jikoni ameinamia sufuria. Mtori. Ndizi mshare na mfupa wa ng'ombe, umepondwa ukapondeka.

"Mama, nimekatazwa kula."

"Nani amekwambia ule? Tangu lini mtori ukaliwa? Unanywewa huu. Shika kikombe."

Wasio Wachaga mtanicheka, chekeni tu. Kwetu aliyejifungua anapewa mtori, mgonjwa anapewa, aliyelewa jana anapewa, na hakuna hata mmoja atakayekwambia amekula. Atakunywa vikombe viwili halafu aulize chakula kinaiva saa ngapi. Nami, mtu mzima na akili zangu, nikaona mama ana hoja. Nikanywa. Alisimama mbele yangu muda wote, macho yake shingoni kwangu.

Hospitali, nesi yule yule akauliza, "Dada, umekula?"

"Sijala."

"Umekunywa chochote?"

"Mtori tu, kidogo."

Akaweka kalamu chini. "Mtori! Nyie Wachaga mtaniua. Na ndugu zangu Wameru nao ni hivyo hivyo, mtu anakuja na loshoro tumboni, mahindi na maziwa mgando, halafu anagomba eti ni maziwa tu."

Benchi zima likacheka. Mimi nilitaka kulia. Akanivuta pembeni akanieleza taratibu kwamba tumbo likiwa na kitu daktari haoni vizuri, na kibaya zaidi, nikitapika nikiwa nimelewa dawa, kinaweza kuingia kwenye mapafu. Uji ni chakula, mtori ni chakula, maziwa ni chakula. Hata maji yana saa yake ya mwisho, na saa hiyo wanaipanga wao. Nirudi Jumatatu.

Jumatatu! Nilikuwa nimejikaza kwa ajili ya Ijumaa, nguvu ya siku nyingine sikuwa nayo. Kwenye bajaji nikamgeukia mama nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama yake, kwamba ananichelewesha, kwamba anataka nimfuate baba. Dereva akajifanya kiziwi. Mama alinijibu tulipofika nyumbani.

"Kwa baba yako nilijua siku mtori ulipogoma," akasema. "Kabla ya hapo nilikuwa nasema ni uzee. Jana sikulala. Nikasema kabla hawajamwingiza huo mpira wao, nimpe mwenyewe nione kama utashuka."

"Umeshuka, mama."

"Nimeona."

Hasira yote ikaniishia, ukabaki woga, na huo ukakaa na mimi Jumamosi na Jumapili. Kanisani sikusikia hata somo lilisema nini. Mwenzangu wa duka la pili, mimi nauza mapazia, yeye anauza shuka, akanihakikishia kwamba kwenye kipimo hicho watu hufungwa mikono. Alimjua nani aliyefungwa? Hamjui. Kila nikimeza mate nilijisikiliza, na ukijisikiliza hivyo hata mate yanakwama.

Jumatatu nesi akauliza, "Leo je?"

"Leo hata mate nameza kwa ruhusa."

Wakanipulizia dawa kooni, chungu ajabu, na koo likafa ganzi. Hapo ndipo nilipopata kiwewe hasa. Nilijaribu kumeza nikaona hakuna kinachomeza, nikajua, basi, ndio hivi alivyokuwa baba. Nikamshika nesi mkono. "Unameza vizuri," akasema, "ila husikii." Wakanilaza ubavu wa kushoto, wakaniwekea kiplastiki cha kung'ata kati ya meno, wakanichoma sindano. Hakuna aliyenifunga. "Pumua kwa pua, taratibu. Mate yaache yatiririke, hapa hakuna mkweo."

Mpira wenyewe ni mwembamba, kama kidole kidogo. Nilitaka kutapika ulipopita, tumbo likajaa hewa, nikabeua mbele za watu wazima. Kipimo hakikuniuma. Kilinichukiza tu, na baada ya hapo nakumbuka vipande vipande. Nilipozinduka niliomba chai wakaninyima, kwa kuwa koo lenye ganzi litapaliwa au litaungua bila kujua. Siku hiyo hata duka sikuruhusiwa kufungua.

Lakini lipo jambo moja ambalo hakuna aliyeniandaa nalo. Nilidhani nikishameza kamera nitaambiwa. Daktari akasema ameona vidonda na wekundu sehemu ya chini ya koo, amekata vinyama vidogo vya kwenda kupimwa, na kabla majibu hayajatoka hawezi kusema ni nini. Nikamwambia aniangalie usoni aseme anachofikiri. Akasema, "Mama, nikikisia nitakudanganya." Nilimchukia kweli kweli. Sasa ninamshukuru, ila wakati ule nilimchukia, na siku zote za kusubiri niligombana na wateja, nikapima pazia la mtu nikalikata fupi, nikawa nawatazama wanangu wakila mpaka wakauliza wamekosa nini. Mama alikataa kurudi Kibosho. Alisema hataondoka kabla ya majibu.

Majibu yakatoka. Ni asidi inayopanda kutoka tumboni, na vidonda vilivyosababishwa nayo. Saratani hakuna. Nikamwomba daktari arudie, akarudia bila kuchoka. Nikapewa dawa, nikaambiwa nisilale mara tu baada ya kula. Nilitoka pale nikapiga kigelegele getini, mlinzi akanipongeza akidhani nimepata mjukuu.

Mama nilimkuta uani anachambua maharage. Nikamwambia. Akamshukuru Mungu kwa Kichaga, kirefu, amefumba macho, kisha akanishika uso kwa mikono yenye vumbi la maharage. Tukakaa. Nikaanza kumsimulia na kumwigiza yule nesi, naye akacheka mpaka machozi. Kisha akayarudia maharage.

"Hicho kipimo," akasema, "na wazee wanapimwa?"

"Wanapimwa. Kwa nini?"

Akaendelea kuchambua. Nikaona hachambui, anayahamisha tu maharage yale yale, upande huu na upande ule.

"Mama. Chakula kinakwama?"

"Kinakwama."

"Tangu lini?"

"Kabla yako," akasema. "Lakini wewe una watoto wadogo. Nikasema uanze wewe."